Mwandishi wa Risasi

Kibanda changu kiko nyuma ya matanuri ya Keramiko,
pale moshi unapoingia machoni bila kubisha hodi.
Nauza maneno. Nayakwaruza kwa msumari
juu ya bamba la risasi jembamba kama ulimi,
risasi ile ile ya wapiga kombeo,
ambao nao huandika "Pokea!" ubavuni kabla ya kuirusha.
Nakunja mara tatu, natoboa, nimemaliza.
Oboli mbili kwa jina moja. Jina la mama ni nyongeza.

Eukolini alikuja siku ya mvua, mtandio umemganda usoni.
Hakukaa. "Dexitheo," alisema. "Mwenye tanuri la tatu.
Alimtuma mwanangu ndani kuzoa majivu
kabla matofali hayajapoa.
Mikitho alikuwa na miaka kumi na mmoja.
Andika."

Nikamwuliza, kama ninavyowauliza wote: neno gani?
Maana maneno haya si ndugu,
ingawa watu huyavika nguo moja.

Kuna moira. Moira ni fungu,
lile lile la nyama mezani: wewe paja, yule shingo,
na mgawaji hakuulizi una njaa kiasi gani.
Ukiandika moira umekwisha kumwachilia mtu;
umesema, mwanangu alipewa shingo, basi.

Kuna ara. Ukiinua viganja ni dua,
ukivigeuza chini ni laana,
na neno halibadiliki hata herufi.
Anayeapa na anayeapiza
wamenyonya ziwa moja.

Kuna ate, ukungu unaomwingia mtu kichwani
hata akatumbukia shimo alilolichimba mwenyewe.
Hilo huchukua miaka. Wateja hawalipendi.

Nemesi naye ni mgawaji,
ila huja baada ya karamu, kukagua
nani alikula vipande viwili.

Alastori ni asiyesahau. Sijui kama ni mungu,
au maiti, au mjukuu wako
anayeamka usiku kulipa deni asilolikopa.

Na wapo wale wa kike, wenye macho yanayotiririka.
Hao siwaandiki. Tunawaita Wapole,
kama unavyomwambia mbwa wa jirani "mzuri, mzuri,"
huku unarudi nyuma.

Alinisikiliza kama mtu anayepimiwa dengu.
"Lipi linaunguza?"

Ara, nikasema. Nikaanza.
Jina la Dexitheo nililiandika kinyumenyume,
mikono yake, pumzi yake, moto wake, faida yake,
nafunga, nafunga, nafunga.
Nikakunja. Nikashika msumari.
Limebaki moja, nikasema, ndiyo desturi:
bamba haliendi lenyewe. Linataka mjumbe,
mtu aliyekufa kabla ya siku zake, ambaye bado hajatulia;
tunalizika kifuani kwake, alipeleke chini.
Kaburi la namna hiyo, la karibu...

Nilinyamaza, lakini nilikuwa nimechelewa.

Mvua ilipiga paa. Tanuri la tatu lilikuwa linawaka,
nililisikia likivuta pumzi.

"Siku tisa nimembembeleza," alisema.
"Tangu mchanga alikuwa mgumu kulala,
mlango ukilia tu, macho.
Nawe unataka nimwamshe, nimtwike risasi,
nimtume tena?"

Akaweka oboli mbili mezani. Nikamrudishia. Akaziacha.
Bamba alilichukua, limekunjwa, halijatobolewa.

Wanasema amelifunga kwenye mtande,
chini ya kitanda chake cha kufumia, linyooshe nyuzi.
Sijakwenda kuona.

Juzi Dexitheo naye alipita kwangu.
Ana ugomvi na mwenye tanuri la nne.
"Neno lolote," alisema, "mradi bei iwe nafuu."
Niliutafuta msumari wangu muda mrefu,
na ulikuwa mkononi.